Mfumo mpya umekufa ndani ya miezi mitatu, daftari limebaki. Nimechoma milioni 4.8, tatizo ni nini hasa?

#1 Mzee wa Nondo

Wakuu, habari za wikiendi.

Nina maduka matatu ya vifaa vya ujenzi hapa Dar: Gerezani, Buguruni na Mbagala. Mwaka jana mwezi wa tisa niliamua kuachana na kaunta buku, lile daftari kubwa la dukani. Nikatafuta kampuni moja hapa mjini, wakaniwekea mfumo wa mauzo na stoo: kompyuta kila duka, skana, printa ndogo, na programu kwenye simu yangu ya kuangalia mauzo hata nikiwa kijijini. Ukijumlisha vyote ni milioni 4.8, na ada ya kila mwezi iko palepale.

Mwezi wa kwanza raha tupu. Nimekaa sebuleni naona nondo mm 12 zinatoka, saruji inatoka. Mwezi wa pili namba zikaanza kuchelewa, mauzo ya asubuhi yanaingia saa mbili usiku. Mwezi wa tatu nikaibuka Buguruni bila taarifa. Kompyuta imefunikwa kitambaa cha kufuma, kile cha kufunikia televisheni. Juu ya kitambaa kuna kaunta buku nene, mpya, imeshajaa nusu.

Nimeuliza, kila mtu ana lake. Keshia anasema mtandao. Stoo kipa anasema mashine nzito. Vijana wa kupakia wanacheka tu.

Tatizo ni watu, ni mashine, au ni mimi? Na asiniambie mtu "waelimishe", walipewa mafunzo siku mbili na pilau juu.

#2 Kiti cha Nyuma

Natia kambi. Huu uzi utafika mbali.

#3 chalii_wa_sakina

Jibu fupi mkuu: wanakupiga. Mfumo unaziba tundu, na panya hajawahi kusaidia kuziba tundu. Toa keshia na stoo kipa siku moja, uone kama haujafufuka.

#4 Binti Kaunta

@chalii_wa_sakina mabosi wa mtandaoni mnarahisisha sana. Mimi ni keshia mwaka wa sita, duka la jumla, Kariakoo. Nikueleze kinachotokea kaunta.

Misumari ya inchi 3 inaingia kwa katoni ya kilo 25. Kwenye mfumo imesajiliwa katoni moja, kilo 25. Sisi tunauza kilo, nusu, robo. Kijana anapima, mzani haulali, anaongeza misumari miwili mteja aridhike. Katoni ikiisha umeuza kilo 24 na ushee. Jioni mfumo unasema shoti, yaani upungufu. Shoti inakatwa kwa nani? Kwangu. Daftari halijawahi kunikata mshahara.

Kwa hiyo mchana naandika daftari. Jioni watu wakiondoka nakaa na mashine, naiingizia namba zinazolingana. Sijala hata mia ya mtu.

#5 chalii_wa_sakina

Umekiri hadharani unapika hesabu 😂

#6 Binti Kaunta

Napika chakula ambacho bosi ameagiza. Aliagiza namba zisizo na shoti, anazipata.

#7 Winga Mstaafu

Shikamoo wakubwa. Nimefanya uwinga, udalali wa kupeleka wateja madukani, Kariakoo miaka kumi na moja kabla sijarudi kulima, na sijaona hapa juu mtu akitaja mali kauli.

Mteja wangu wa Kahama au wa Lubumbashi anachukua mzigo leo, analipa akishauza. Mfumo unakuuliza: amelipa au anadaiwa? Ukibonyeza anadaiwa, unataka kiwango cha mwisho cha deni, tarehe ya kulipa na ruhusa ya bosi kwenye simu yake, na bosi yuko msibani. Ila mali kauli si deni la namna hiyo. Bei yenyewe inaweza kusogea, na mzigo usiotoka unarudi dukani. Ni maneno ya watu wawili wanaofahamiana. Hakuna kitufe cha kufahamiana.

Halafu kuna cha juu. Duka linataka 18,000, mimi nimempeleka mteja kwa 20,000. Ile 2,000 inakaa wapi kwenye mashine? Kwenye daftari keshia alikuwa anaweka nukta ndogo pembeni ya tarakimu. Jioni nakuja, anahesabu nukta, napewa changu. Nimesomesha watoto kwa nukta zile.

#8 Kiti cha Nyuma

"Hakuna kitufe cha kufahamiana." Mkuu urudi mjini, mashamba yanakupoteza bure.

#9 Dume la Mbegu

Watanzania tunataka kusukumwa. Mashine za EFD, zile za risiti za kodi, zilipokuja 2013 wafanyabiashara si walifunga maduka? Leo nani anafunga? Kila mtu anatoa risiti. Mzee, wawekee sheria, mtu akionekana na daftari hana kazi.

#10 Fundi Kodi

Sahihisho kidogo @Dume la Mbegu. EFD zilianza 2010 kwa waliosajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Mwaka 2013 ni awamu ya pili, ilipowashukia ambao hawako kwenye VAT, na ndiyo iliyoleta kufunga maduka, kelele kubwa ikiwa bei ya kununua mashine.

Na hilo la "kila mtu anatoa risiti", pita Kariakoo kesho uulizie bei ya friji. Utajibiwa kwa swali: na risiti au bila risiti? Mashine ipo, ina umeme, ina karatasi. Amri ya serikali imeiweka mashine kaunta. Bei mbili nazo ziko pale pale kaunta.

#11 Mtumishi Halali

Fundi Kodi naheshimu, ila kuna mfano unaokwenda kinyume na wako. Niko taasisi ya umma. Julai 2017 tulipoingizwa kwenye GePG, mfumo wa malipo ya serikali, malipo yote kwa kontroo namba, mapokezi walinuna mwezi mzima. Kulikuwa na mzee ana kitabu cha stakabadhi tangu nilipoajiriwa, alikuwa anakifungia kwenye droo kama hati ya kiwanja. Vitabu vikakusanywa, vikahesabiwa, vikaondoka. Mwananchi akija na pesa mkononi anarudishwa, nenda benki au lipa kwa simu. Ndani ya miezi michache hakuna aliyekumbuka kitabu.

Hatukuelimishwa kuliko watu wa Mzee wa Nondo. Pilau yenyewe hatukula. Njia ya pili iliondolewa, basi. Yeye amenunua mfumo na kaunta buku wameachiwa. Ukiacha njia mbili mtu atapita aliyoizoea.

#12 Mama Jenereta

@Mtumishi Halali ofisi ya serikali mtandao ukikata mnawaambia watu waje kesho, nao wanakuja. Mimi mteja wangu anavuka barabara.

Mmesahau tarehe 12 Mei 2024? Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikatika, Kenya, Uganda, Tanzania wote tukashikana mashati na simu zetu. Ilikuwa Jumapili. Jumatatu nimefungua duka la dawa za mifugo, mfumo wangu unaishi kwenye seva sijui ziko nchi gani, kioo kinazunguka tu. Bei zote ziko mle. Msaidizi wangu wa zamani akatoa daftari uvunguni mwa meza. Alikuwa ameendelea kulijaza kimyakimya mwaka mzima bila mimi kujua. Nilitaka kugomba. Nikavuta kiti nikakaa nikaanza kuuza.

Na kabla ya hapo mgao wa umeme ulitula mpaka mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ulipoingia gridi mwezi wa pili mwaka huohuo. Ukiniambia niondoe daftari niambie kwanza nani ananilipia siku ya giza.

#13 Mshauri Elekezi

Habari wanajukwaa. Kitaalamu tatizo hili linajulikana. Tafiti zinaonyesha asilimia 70 ya mabadiliko yote kwenye taasisi hufeli, na sababu kuu ni watumishi kupinga mabadiliko. Kinachohitajika ni mkakati wenye hatua nane, kuanzia kujenga hisia ya uharaka. Anayehitaji msaada anione inbox.

#14 Kiti cha Nyuma

Kadi za biashara zimeanza.

#15 Mkaguzi wa Zamani

Kijana @Mshauri Elekezi, hiyo asilimia 70 ina historia yake. Michael Hammer na James Champy waliandika mwaka 1993, wakisema kwa makadirio yao, yasiyo ya kisayansi, asilimia 50 hadi 70 ya kampuni zilizojaribu kusuka upya kazi zao hazikupata walichotarajia. Wenyewe walisema ni makadirio. Watu wakaiokota 70, wakaacha 50, wakaacha na neno makadirio. Mwaka 2011 Mark Hughes wa Brighton aliifuatilia hiyo namba sehemu tano ilikoandikwa, hakukuta ushahidi wa maana nyuma yake. Ila inauza semina vizuri.

Na hizo hatua nane ni za John Kotter. Zina mahali pake, kampuni zenye ghorofa na idara. Keshia wa Buguruni umjengee uharaka gani zaidi ya bajaji inayopiga honi nje?

#16 Mshauri Elekezi

Asante mzee kwa elimu. Bado nasimamia kwamba watu hupinga mabadiliko.

#17 Dada wa Utumishi

Hupinga, ndiyo, lakini si mabadiliko yote. Mimi hapo mfano ninaoupenda ni wa kiwanda cha kushona pajama, Harwood, kule Virginia, Marekani. Coch na French waliandika mwaka 1948. Washonaji walikuwa wanalipwa kwa kipande, na kila kazi ikibadilishwa uzalishaji unaanguka na watu wanaacha kazi. Wakawagawa. Kundi moja likaambiwa tu: kuanzia leo tunafanya hivi. Uzalishaji ukaanguka ukakaa chini, asilimia 17 wakaacha kazi ndani ya siku 40. Makundi mengine wakakaa nao, wakapanga pamoja namna mpya ya kazi na viwango vya malipo. Hao walipanda haraka wakapita walipokuwa mwanzo. Na hakuna aliyeacha kazi.

Mzee wa Nondo, nani alichagua majina ya bidhaa kwenye mfumo wako? Binti Kaunta ametuambia tatizo la katoni na kilo kwa dakika mbili. Mtu wa kampuni alikaa na stoo kipa hata saa moja kabla ya kusajili mali?

#18 chalii_wa_sakina

Mtu anakuibia, wewe unakaa naye mpange pamoja. Haya bwana.

#19 Mzee wa Nondo

Nimesoma yote, asanteni. @Dada wa Utumishi, majina ya bidhaa niliwapa mimi, kwa simu, nikiwa kwenye foleni ya Tazara. Mengine waliyatoa kwa mteja wao mwingine. Ndiyo maana kuna "tiles za bafu" wakati sijawahi kuuza tiles.

Kuna kitu sikukisema mwanzo. Mbagala mfumo unafanya kazi. Mpaka leo. Kila mauzo yanaingia dakika hiyohiyo, na stoo ikihesabiwa inakuja sawa au inapishana kidogo sana.

#20 Kiti cha Nyuma

Mkuu tuko post ya 19 ndiyo unatoa ushahidi! 🤣

#21 Dume la Mbegu

Keshia wa Mbagala ana miaka mingapi? Nahisi ni binti mdogo wa simu janja. Wa Buguruni ni mtu mzima. Umri tu huo.

#22 Mzee wa Nondo

Kinyume chake. Mbagala ni mama wa miaka 54, darasa la saba. Buguruni ni mtoto wa dada yangu, ana diploma.

#23 Dume la Mbegu

Nimekaa chini.

#24 Winga Mstaafu

Mbagala unauza kwa nani? Nakisia ni wajenzi wa nyumba zao, mifuko miwili ya saruji, bati kumi, pesa mkononi au lipa namba. Hakuna mawinga, hakuna mzigo wa mkoani. Gerezani na Buguruni ni mali kauli mwanzo mwisho. Mama wa Mbagala hana cha kuandika ambacho mashine haikijui.

#25 Mtumishi Halali

Au mama wa Mbagala hana undugu na bosi, kwa hiyo anaogopa. Mtoto wa dada atafukuzwa na nani?

#26 Mswahili wa Leicester

Salaam kutoka baridini. Nimemsoma Binti Kaunta nikakumbuka balaa la huku. Posta ya Uingereza ilianza kuweka mfumo wa Horizon kwenye matawi mwaka 1999. Wenye vibanda vya posta, watu wadogo kama nyie wenye maduka, mfumo ukawa unawaambia kila jioni: pesa imepungua. Mkataba unasema upungufu unalipa wewe. Watu wakauza nyumba kulipa upungufu ambao haukuwepo, ilikuwa ni hitilafu ya programu. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine walijiua. Wakilalamika wanajibiwa mfumo hauna kosa.

Mahakama Kuu ilikuja kusema Desemba 2019 kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mkupuo ilipita mwaka 2024. Sasa chalii wa Sakina, wale nao walikuwa panya?

#27 chalii_wa_sakina

Hao serikali yao iliwaonea. Kesi tofauti.

#28 Mswahili wa Leicester

Wengi wao, kama 700 hivi, walishtakiwa na Posta yenyewe. Huku taasisi inaweza kukupeleka mahakamani kwa jinai bila polisi. Yaani mwenye mfumo ndiye mlalamikaji, mpelelezi na mwendesha mashtaka. Wewe unataka Mzee wa Nondo awe hivyo hivyo na mtoto wa dada yake.

#29 Mpwani wa Kongowea

Hamjambo ndugu zangu wa Bongo. Hapa Mombasa mimi nauza viazi na vitunguu kwa jumla. Wote mwazungumza bosi na mfanyakazi. Sisi aliyetubadilisha ni mteja.

KRA, watu wa kodi wa Kenya, walileta eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki. Wallahi hakuna mtu sokoni aliyeshughulika. Kisha kuanzia tarehe 1 Januari 2024 kampuni ikinunua kitu bila ankara ya eTIMS, ile gharama haikubaliwi kwenye hesabu ya kodi. Mteja wangu mmoja ana hoteli Nyali, akanipigia simu: mwenyewe, bila ankara sichukui hata gunia. Wiki hiyohiyo nikajifunza. Sikufunzwa na mtu, nilifunzwa na gunia lililobaki.

#30 Dume la Mbegu

Na mashine ya eTIMS mlinunua bei gani? Huku EFD zilitutoa jasho.

#31 Mpwani wa Kongowea

Hakuna mashine ya lazima, ndugu. Ile ya kununua ilikuwa ETR, mashine ya risiti ya zamani. Hii mimi natumia simu. Lakini usidhani daftari nimetupa. Anayenunua kilo mbili haulizi ankara, huyo namwandika kwa daftari kama babangu.

#32 Fundi Kodi

Mwisho wa post ya Mpwani ndiyo hoja yangu ya EFD. Kila mahali kuna vitabu viwili.

#33 Mwalimu wa Zamu

Naongeza jambo ambalo huwa nawafundisha vijana. Edison aliwasha umeme New York mwaka 1882. Mtu angetegemea viwanda vya Marekani viruke hapohapo. Faida kubwa ilionekana miaka ya 1920, karibu miaka arobaini baadaye. Paul David, mtaalamu wa historia ya uchumi, alilieleza mwaka 1990 akilinganisha na kompyuta.

Zamani kiwanda kilikuwa na injini moja kubwa ya mvuke, mhimili mrefu unapita darini, mikanda inashuka kwa kila mashine. Umeme ulipokuja, wenye viwanda wengi walitoa injini ya mvuke wakaweka mota moja kubwa pale pale. Mhimili uleule, mikanda ileile, jengo lilelile la ghorofa. Faida ikawa ndogo. Mpaka walipoanza kuipa kila mashine mota yake, wakapanga mashine kwa kufuata mtiririko wa kazi, wakajenga viwanda vya chini vyenye nafasi. Na hilo lilisubiri majengo ya zamani yachakae.

Mzee wa Nondo ametoa daftari akaweka kompyuta kwenye kaunta ileile, foleni ileile, keshia yuleyule anapokea pesa, anaandika, anajibu simu, anamwita kijana wa stoo. Mota mpya, mikanda ya zamani.

#34 Mama Jenereta

Mwalimu, miaka arobaini! Mzee ana mkopo wa benki.

#35 Binti Kaunta

Mwalimu umenigusa. Kwetu skana iko upande wa kulia, pesa zinakaa kushoto, na mzani uko nyuma yangu. Kwa siku nageuka mpaka kiuno kinauma. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

#36 Kijana wa Thika Road

Na mimi nichangie. M-Pesa hii inayosifiwa, majaribio yake ya 2005 hayakuwa ya kutumiana pesa. Waliijaribu Nairobi na Thika, wakopaji wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, walipe mikopo kwa simu. Watu wakaanza kuitumia kwa mambo yao: mtu anamtumia mkewe, mwenye duka anatumia mwenzake, mwingine anaweka pesa akisafiri asiibiwe. Ilipotoka rasmi Machi 2007 Safaricom ikaibeba kama ya kutuma pesa nyumbani. Kwa hivyo boss angalia watu wako wanafanya nini na hiyo mashine wakati haupo.

#37 chalii_wa_sakina

Wanaifunika kitambaa. Ameshaangalia.

#38 Kiti cha Nyuma

😂😂😂 chalii leo umeshinda. Ila swali langu halijajibiwa: ile pilau ya mafunzo ilikuwa na nyama?

#39 Mzee wa Nondo

Ya kuku. Na usiku ule Simba ilicheza, nusu ya darasa walikuwa kwenye redio.

#40 Dume la Mbegu

Hapo umeshapata jibu. Hakuna mtu anajifunza kompyuta siku Simba inacheza.

#41 Mzee wa Nondo

Wakuu, nimerudi na jambo. Leo Jumapili nimeenda Buguruni nikachukua ile kaunta buku nikaja nayo nyumbani. Nimeisoma kuanzia saa nane mchana. Nikiri, sijawahi kusoma daftari la duka langu namna hii, miaka yote naangalia jumla ya chini tu.

Limepangwa vizuri kuliko mfumo. Kuna alama pembeni. MK nimeelewa ni mali kauli. Nukta ni za mawinga, Winga Mstaafu umenifungua macho. Misumari kila katoni ikiisha ameandika "mzani" na gramu zilizopotea. Mwenye diploma huyu, hajawahi kuniambia.

Ila kuna alama B. Saruji mifuko 3, B. Rangi ndoo 1, B. Nondo 6, B. Taslimu 150,000, B. Hazina bei. Nikadhani B ni jina la mteja. Nimempigia.

Akakaa kimya kidogo, akasema: "Mjomba, B ni Bosi."

Nimehesabu. Ndani ya miezi mitatu B ziko 61. Kila nikipita jioni kwenda Tabata nachukua kitu, cha mchango wa msikiti, cha fundi wangu, cha jirani. Nasema "andika". Mfumo haukubali kutoa mali bila kuuza, unataka jina la mteja na njia ya malipo. Anasema wiki ya kwanza aliniingiza kama mteja, deni likanijia kwenye simu yangu mwenyewe, nikampigia kwa ukali kumuuliza ni ujinga gani huu. Nakumbuka ile simu. Tangu hapo akarudi kwenye daftari.

#42 Mama Jenereta

Ooh mzee.

#43 Mtumishi Halali

Na Mbagala haiko njiani kwenda Tabata.

#44 Dada wa Utumishi

Haya, sasa tunaongea. Mfungulieni bosi akaunti yake kwenye mfumo, "matumizi ya mwenyewe", na kikomo cha mwezi.

#45 Mkaguzi wa Zamani

Polepole. B 61 ni nyingi, lakini haielezi Gerezani. Mzee, Gerezani huwa unapita?

#46 Mzee wa Nondo

Gerezani naenda mara moja kwa wiki, sichukui kitu. Na huko mfumo ulikufa mapema kuliko Buguruni.

#47 Winga Mstaafu

Nilisema. Mali kauli.

#48 Binti Kaunta

Au kuna keshia anakatwa shoti.

#49 chalii_wa_sakina

Kwa hiyo Buguruni mwizi ni bosi, Gerezani bado ni keshia. Sijashindwa.

#50 Mwalimu wa Zamu

Gerezani kaunta iko wapi ukilinganisha na stoo? Piga picha uweke hapa.

#51 Mzee wa Nondo

Stoo iko mtaa wa pili, mwalimu. Kijana anakimbia na kikaratasi. Picha nitaweka nikienda.

Yule mtu wa kampuni anakuja Jumatano. Nimemwambia asije na kompyuta, aje akae na mtoto wa dada na hili daftari. Amesema hiyo ni gharama ya ziada.

#52 Mshauri Elekezi

Mimi naweza kuja kwa nusu ya bei yake.

#53 Fundi Mapaa

Samahani kuingilia wakuu, bati geji 28 Buguruni bei gani? Nina paa la vyumba vitatu Kinyerezi.

#54 Mzee wa Nondo

Njoo na vipimo mkuu, kesho mimi sipo, muone keshia.

#55 Fundi Mapaa

Nitakuja na nusu ya pesa, iliyobaki mwisho wa mwezi. Atakubali?